Geti la Mwalimu wa Zamu

Watu wengi wa pwani hii wanamjua mwalimu wetu wa zamu bila kuwahi kumwona. Wanamjua kwa sababu ya wimbo. Ukipigwa "Sisi wa Nje" harusini, iwe Malindi, Kilifi au Mtwapa, utawaona watu wazima wenye vitambi wakiacha sahani za pilau, wakainua mikono na kupaza sauti: "Mwalimu wa zamu, fungua geti!" Wanayemwimba ni mtu halisi, mwenye nyumba mtaa wa Barani, mwenye mke na miwani na baiskeli yenye kengele. Na aliyemtia wimboni ni mimi.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala babu yake alikuwa nani. Mtu wa Mambrui, basi, na hata hilo hakuwa akilisema ila sokoni, pale mtu alipotaka kumwuzia samaki aliyelala. "Mimi mtu wa Mambrui," angesema, akimrudisha samaki mezani kwa vidole viwili, "usinisomeshe changu." Mengine nitakayoyaandika hapa niliyaona mwenyewe au niliyasikia kwa watu nisiowatilia shaka.

Kabla sijaenda mbali niseme wazi jambo moja. Kilichotokea getini siku ile sicho kinachosemwa na wimbo. Nilijua hivyo nilipokuwa nikiuandika, nikiwa kijana wa miaka kumi na saba, na kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa na neno la kumwambia mwalimu nikawa silisemi. Habari hii ni yake, lakini siwezi kuisimulia nikajitoa ndani yake.

Jina la mwalimu wa zamu alikuwa nalo kabla ya wimbo. Shule yetu ilikuwa ya kutwa, ya wavulana na wasichana, yenye ua wa michongoma na geti la mabati. Kila mwalimu alikuwa na wiki yake ya zamu: kupiga kengele, kusimama getini asubuhi kuwapokea wachelewaji, na jioni kungoja mpaka mtoto wa mwisho aondoke. Kazi hiyo walimu waliichukia. Yeye aliibeba yake na za wenziwe. Mwenzake akiuguza, yeye. Mwenzake akioa, yeye. Mwenzake akichoka tu na maisha, yeye. Ikawa wanafunzi tunamaliza mwaka hatujaona wiki ambayo si yake. Wageni wakija shuleni na kumwuliza cheo chake, alijibu, "Wa zamu," wala hakuwa akifanya mzaha.

Alisomesha hesabu. Mfukoni mwa shati alitia kipande cha chaki kama wengine wanavyotia kalamu, na mfuko huo ulikuwa mweupe daima, hata siku ya Idi akiwa na kanzu mpya. Hakuwa mtu wa fimbo. Adhabu yake ilikuwa mbaya zaidi, maana alikufanya ufikiri. Ukichelewa alikupeleka ubaoni ukaandika saa uliyoamka, njia uliyopita, mwendo wako, kisha ukokotoe ni wapi dakika zimepotelea. Mimi nilikuwa nikitoka kijiji cha Ganda kwa miguu, na kila asubuhi nilikuwa ubaoni. Siku moja nikakokotoa mbele ya darasa zima, nikapata jibu kwamba hata nikiamka kabla ya jogoo siwezi kuwahi, kwa kuwa lazima kwanza nichote maji. Watoto wakacheka. Yeye hakucheka. Kesho yake, Jumamosi, mama akaniamsha akaniambia kuna mtu na baiskeli anaulizia kisima.

Alikuwa yeye. Alitazama kisima, akatazama saa, akapanda baiskeli akaniambia, "Tembea." Akanifuata nyuma polepole mpaka shuleni, na shule yenyewe imefungwa. Pale getini akatazama saa tena, akasema, "Hesabu yako ni sahihi. Kuanzia Jumatatu wewe kengele yako ni ya pili." Mpaka namaliza kidato cha nne, nikiingia baada ya kengele ya kwanza, yeye alikuwa akitazama upande wa michongoma kama anayehesabu majani. Mtu huyo ndiye niliyemtia kufuli mkononi.

Basi wimbo. Tulikuwa watatu. Mimi, mwana wa Ganda, mwenye ndara mwaka mzima kwa kuwa viatu vilikuwa vya kaka yangu na kaka yangu alikuwa navyo. Saidi, wa hapa hapa Barani, mwenye kigugumizi kilichomfanya anyamaze kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa, lakini ukimpa ndoo na vijiti viwili alisema yote. Na Kadzo, msichana mrefu kupita walimu, aliyevaa gauni la mamake lililokatwa likashonwa upya, na sauti yake ilitoka mahali ambapo wengine hatuna. Darasani tuliketi nyuma si kwa kupenda. Kila mtu aliyewahi kuwa mtoto anajua jinsi makundi yanavyojigawa bila mtu kuyagawa.

Ijumaa ya mwisho ya muhula kulikuwa na disko la mchana ukumbini. Wimbo unasema tulifika tukakuta geti limefungwa, na mwalimu wa zamu amesimama nyuma yake:

Mwalimu wa zamu, fungua geti,
nasi tu watoto, tupe kiti;
kufuli la shaba, funguo mfukoni,
sisi wa nje twacheza vumbini.

Ubeti wa pili unatutaja mmoja mmoja, asiye na viatu, asiye na sauti, na mwenye gauni la mamake. Wa tatu ndio wenye gita, lile gita langu linaloanza kama mtu anayegonga mlango kwa adabu, kisha Saidi anaingia na ngoma na adabu inakwisha. Tuliupiga mara ya kwanza katika hoteli moja ya Watamu, kwa watalii waliokuwa wakila kamba na hawakujua tunasema nini. Wahudumu walijua. Waliweka sinia chini. Miezi michache baadaye tukaurekodi Mombasa, redio ikauchukua, na mpaka tunajua tumefanya nini, wimbo haukuwa wetu tena.

Watu huniuliza kwa nini hauzeeki. Nyimbo za wenzetu za miaka ile zimekwisha, hata waliozitunga wamezisahau. Huu wetu naukuta kwenye tuktuki za vijana ambao hawakuwa wamezaliwa. Nami siku hizi kazi yangu ni kukodisha spika na vipaza sauti kwa harusi na mikutano, kwa hiyo nazijua safari zake. Nimemwona mheshimiwa akipanda nao jukwaani, akiapa kwamba yeye ni wa nje kama sisi, na magari yake manne yamefunga barabara. Nimewapelekea spika matajiri wa Watamu, kwenye nyumba yenye ukuta mrefu na askari wawili, wakaimba "fungua geti" mpaka sauti zikawakauka, na askari wamesimama getini hawajui wacheke au wafungue. Zamani nilikasirika. Sasa naelewa. Sijapata kukutana na mtu anayejiona kuwa ni wa ndani. Hata mvulana mmoja wa darasa letu, wa viatu vya kung'aa, aliyesemwa kuwa alicheza katikati ya ukumbi siku ile, alinishika mkono harusini kwake akaniambia kwa machozi, "Katana, ule wimbo ulinitungia mimi." Nikamwambia ndiyo.

Lakini kila wimbo wa namna hii unataka mtu wa kufunga, na wa kwetu alikuwa na anwani. Watoto wa Barani walijifunza mapema nyumba yake ni ipi. Wakipita kutoka madrasa waliimba mstari wa kwanza, wakakimbia. Akienda zahanati, askari alimfungulia akisema, "Leo nakufungulia mimi, Mwalimu." Alipokwenda kumposea mpwa wake mke, vijana wa upande wa pili walimweka mlangoni kitambo wakipiga wimbo kwa simu, na wazee wao wakishindwa kuzuia kicheko. Yeye alisubiri mpaka ukafika mwisho, kisha akawaambia, "Mmeruka ubeti wa pili. Kama mnaniimba, niimbeni kamili." Maneno hayo alikuwa nayo tayari kila mahali. Aliujua wimbo kuliko sisi tulioutunga, na mtu akikosea alimsahihisha kama anavyosahihisha kugawanya.

Mimi nilikuwa nikisikia visa hivyo na kucheka na watu. Kimoja sikukicheka. Shule yetu ilipokosa mwalimu mkuu, jina lake lilikuwa la kwanza. Nani mwingine? Alilijua kila tofali. Katika kikao, mzazi mmoja akasimama akasema hatuwezi kumpa shule mtu aliyewafungia watoto maskini nje. Wengine wakaguna kukubali. Hakuna aliyeuliza kama ni kweli, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameisikia redioni. Akapewa mtu wa kutoka mbali. Yeye akarudi darasani na chaki yake, na zamu zake, mpaka akastaafu. Aliyenieleza habari hiyo ni yeye mwenyewe, barabarani, mguu mmoja ukiwa chini na mwingine kwenye pedali. "Wazazi wamepiga kura kwa gita lako," akasema, akapiga kengele mara moja akaenda zake. Nilisimama pale na aibu yangu mpaka tuktuki ikanipigia honi nitoke njiani.

Ungedhani mtu huyo angenichukia. Kila Idi aliniletea sahani ya mahamri na mbaazi, iliyofunikwa kwa kitambaa, akitaka sahani yake irudishwe kesho yake kabla ya saa nne. Mama yangu alipofariki alikuja Ganda kwa baiskeli ile ile, akakaa na wazee siku nzima, akiuliza mambo ya mazishi ya Kigiriama kama mwanafunzi, akisema "ehe" na kunyamaza. Wakati huo huo alikuwa mgumu kama kiatu kipya. Alimrudishia mjukuu wake barua ya siku ya kuzaliwa ikiwa imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Hakupenda kelele, na alikuwa na redio tatu. Alifunga kila kifungwacho: kifuniko cha kalamu, mkebe wa sukari, dirisha hata mvua ikiwa Mombasa.

Kwa hiyo jambo la geti lilimshangaza kila mtu. Nyumba yake ina ukuta wa matofali ya matumbawe, mzuri, aliousimamia mwenyewe kwa uzi na pima maji. Mahali pa geti aliacha wazi. Palibaki wazi miaka yote hiyo. Mbuzi wa majirani waliingia wakala mchicha wa mkewe. Mwizi akaingia, akaondoka na baiskeli ya kwanza, na nguo zilizokuwa kambani. Mkewe, mwanamke mfupi mwenye maneno makali na mkono mwepesi wa kukaribisha, alitundika pazia la kanga kuukuu pale, upepo ukalipeleka kwa jirani. Mafundi walipita na mageti yao kwenye mkokoteni, akawaambia, "Mimi na mageti tumekosana." Tukalichukua kuwa ni mzaha wa mwalimu, tukaupenda, tukausambaza.

Mwaka huu akapata nafasi ya Hijja. Alikuwa ameingoja muda mrefu. Na huku kwetu, mtu anayetaka kwenda Hijja hapandi ndege na chuki ya mtu begani. Huzunguka kwanza akitaka radhi kwa aliowakosea, kwa wakubwa na wadogo, hata kwa yule waliyegombania naye kivuli cha kuegesha baiskeli. Mwalimu alifanya kama alivyofanya kila kitu. Alinunua daftari la hesabu, lenye miraba, akaandika majina ya watu aliowakosea, akawa anatoka asubuhi kwa baiskeli, na akisamehewa anatia alama ya vema. Mji mzima ulijua. Muuza samaki mmoja alikasirika kwamba jina lake halimo.

Ndipo mkewe akanipigia simu. "Katana mwanangu, Mwalimu anakutaka. Njoo leo. Siku ya tatu hii hali chakula vizuri."

Nilimkuta ameketi barazani, amevaa fulana na kikoi, daftari mapajani. Amekonda. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Waongo nyote watu wa Ganda. Keti."

Nikaketi. Akafungua ukurasa wa mwisho, akanionyesha. Kurasa zote zilikuwa na vema isipokuwa majina matatu ya chini: langu, la Saidi, la Kadzo. Akavua miwani.

"Nimewaweka mwisho kwa kuwa nyinyi ndio wazito," akasema. "Nakuomba radhi, Katana. Kwa lile geti. Nilikuwa kijana, nilipenda utaratibu, nikawafungia watoto nje kwa ajili ya viatu. Nilikuwa nikijiambia haikuwa hivyo. Lakini uzee haukuachi ujidanganye. Nalikumbuka kufuli. Nalisikia lilivyokuwa baridi mkononi."

Nilimtazama usoni nikaona hatanii. Mtu huyu, aliyepima njia yangu ya kisimani kwa saa, alikuwa ameimbiwa kosa lisilo lake miaka mingi mpaka akalikumbuka. Mdomo wangu ulifunguka kusema kweli. Nikasema, "Nimekusamehe, Mwalimu."

Akafumba macho. Akatia vema, polepole, akishikilia daftari kwa mkono wa pili ili mstari usipinde. Nikaona nikamilishe uovu wangu: "Na hao wengine nakusamehea mimi. Saidi yuko Maskati, Kadzo yuko Nairobi. Nitawaambia."

"La," akasema. "Radhi haina zamu, mwanangu. Huwezi kumshikia mwenzio. Nipe nambari zao."

Nikasema nitamtumia. Nilipotoka mkewe akanisindikiza mpaka kwenye ile nafasi ya wazi ukutani. Alikuwa akitabasamu. "Mwenyezi Mungu akulipe. Umemwona? Ameomba chai na mkate. Labda sasa atakubali kutia geti. Nitabaki peke yangu siku arubaini, Katana, nami naogopa. Nikimwambia, anasema mtu aliyefungia watoto hana haki ya kufunga tena."

Nikafika nyumbani nikashindwa na chakula, zamu ya kutokula ikawa yangu. Asubuhi yake nilikuwa na spika za kupeleka Mtwapa. Nikampigia mwenye harusi nikamwambia nitachelewa, atukane anavyotaka. Nikarudi Barani.

Alikuwa akimwagilia mchicha uliosazwa na mbuzi. Nikamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba. Umeleta nambari?"

"Mwalimu, jana nilikusamehe."

"Naam."

"Sikuwa na cha kukusamehe. Geti hukulifunga."

Akatabasamu, akaendelea kumwagilia. "Usinipunguzie, Katana. Nilikwambia nalikumbuka kufuli."

"Kufuli halikuwako. Geti la shule lilikuwa likifungwa kwa waya. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiusokota kwa koleo kila jioni. Kufuli nililitia mimi wimboni, kwa kuwa waya haukukaa vizuri kwenye ngoma ya Saidi."

Akaiweka ndoo chini. "Basi nilifunga kwa waya."

"Hukufunga kwa chochote. Lilikuwa wazi."

Nikamwambia yote, nimesimama, kama nilivyokuwa nikisimama ubaoni. Kwamba tulikuwa ng'ambo ya barabara, sisi watatu, penye kibanda cha viazi vya karai. Kwamba muziki ulikuwa ukisikika. Kwamba yeye alitoka, akatuona, akatupungia mkono, akasema kwa sauti, "Ingieni! Nafasi ipo, nimewawekea benchi." Kwamba mimi nikatazama ndara zangu, na Kadzo akashika gauni lake mahali lilipounganishwa, na Saidi akanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na maneno. Nami nikasema, "Twendeni zetu." Tukaenda kwao Saidi, tukapiga madebe mpaka jioni, tukatunga wimbo.

"Nilipogeuka kwenye kona," nikasema, "ulikuwa bado umelishika geti kwa mkono, lisije likafungwa na upepo."

Ndoo ilikuwa imepinduka. Maji yalikuwa yakimwingia ndarani wala hakuyajali.

"Kwa nini?" akauliza hatimaye.

"Niliona haya. Mtu aliyefungiwa anaimbwa, Mwalimu. Aliyeitwa akaona haya kuingia, nani atamwimba? Nikatafuta wa kufunga, na jina lako ndilo lililokuwa likijulikana na kila mtoto. Nisamehe. Mimi ndiye ninayetaka radhi."

Nilidhani atanishika bega. Ndivyo tulivyozoeshwa kuwafikiria wazee. Alinitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona hata kwa mchelewaji sugu.

"Miaka yote hii," akasema. "Shule ile ilikuwa yangu, Katana. Nilikuwa tayari nimeichorea ratiba. Walipokataa nikaenda nyumbani nikajiuliza, kwani ni kweli nilifanya? Mwaka wa kwanza nikasema la. Wa pili nikasema la. Kisha nikachoka kusema la peke yangu." Akanyoosha kidole barabarani. "Umenipa dhambi ya kuokota njiani, nami nikailea kama mwanangu. Toka."

"Mwalimu..."

"Toka kwangu."

Nikatoka. Mkewe alikuwa amesikia kila neno. Alinifuata mpaka barabarani, akaniuliza, "Sasa wewe ulikuja kumponya au kumwua?" Nikaenda zangu na swali hilo. Siku tano Mwalimu hakuipokea simu yangu. Siku ya safari ilikuwa ikikaribia. Nilimpigia Saidi na Kadzo nikawaambia nilichofanya, na wote wawili wakasema yale yale, kwamba walikuwa wakinisubiri mimi niseme.

Alhamisi baada ya alasiri simu ikalia. Sauti yake, kavu. "Njoo. Na uje na nguvu zako."

Nilipofika nilikuta mkokoteni, fundi mmoja, na geti la chuma lililopakwa rangi ya kijani, zito kama ng'ombe. Fundi alikuwa akilalamika kwamba mzee amepima nguzo mara nne. Mkewe alikuwa ameketi barazani akichambua mchele, na machozi yanamtoka na anacheka, na mikono inaendelea na mchele. Mwalimu hakunijibu salamu kwa maneno, alinionyesha tu mahali pa kushika. Nikainua, fundi akatia bawaba, mwalimu akaweka pima maji juu, akasema, "Upande wa Katana umelala." Nikainua tena. Ulikuwa umelala kweli.

Fundi alipoondoka, mwalimu akalifuta geti vumbi kwa kitambaa. Akalisukuma, likaenda bila kelele. Akalivuta, likarudi. Akanitazama.

"Toka nje," akasema.

Nikatoka. Akalifunga geti, mimi upande wa barabara, yeye wa ndani, na nikasikia komeo la chuma likiingia mahali pake. Niliona ndara zake tu, kwa chini, na kipande cha kikoi. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumfungia mtu nje. Watoto wa madrasa walikuwa wakipita na vitabu vyao, wakasimama kunitazama.

"Sasa imba," akasema kutoka ndani.

"Mwalimu?"

"Si ndio wimbo wako? Imba."

Mimi si mwimbaji, kazi hiyo ilikuwa ya Kadzo. Nikaanza na sauti yangu ya kukwaruza, uso nimeuelekeza kwenye rangi mbichi ya kijani. Mwalimu wa zamu, fungua geti. Watoto wakapokea. Kufuli la shaba, funguo mfukoni. Nikaona aibu kwenye mstari huo mpaka masikio yakawaka, nikauimba, nikauruka ubeti wa pili ili yaishe upesi.

"Umeruka," akasema.

Nikarudi. Nikaimba ubeti wa asiye na viatu. Nikaimba wa asiye na sauti. Nikafika kwenye gauni la mama na sikuweza kuendelea, nikasimama tu pale nikilia mbele ya watoto wa watu, mtu mzima mwenye mvi.

Komeo likatoka. Geti likafunguka, naye amelishika kwa mkono, kwa kuwa kulikuwa na upepo kidogo.

"Ingia," akasema. "Nafasi ipo."

Nikatazama miguu yangu. Nilikuwa na viatu. Nikaingia.